Dini na Hati ya Shamba katika Nitaolewa Nikipenda

Watahiniwa hupenda kudai kuwa tamthilia hii, iliyoigizwa kwa Kikuyu huko Kamiriithu mwaka 1977, yakejeli imani. Jibu hilo ni pungufu. Kinachoshambuliwa ni mamlaka ya tajiri Kioi ya kuamua dhambi ni ipi. Kiguunda, kibarua wake, ameoana na Wangeci kimila; Kioi adai waishi katika dhambi hadi wafunge ndoa kanisani. Harusi yataka mkopo; mkopo wataka hati ya ekari moja na nusu (itazameni ukutani tangu mwanzo); na Kioi ana mkono katika benki. Mwanawe anapompachika Gathoni mimba, mcha-Mungu huyu amlaumu msichana. Kiguunda afutwa kazi, benki yadai fedha zake, shamba lapigwa mnada.