‘Mhifadhi’ na Upungufu Wake

Istilahi ‘mhifadhi’ imezoeleka kumtaja mtu anayeongoza mkusanyo wa sanaa katika makumbusho. Sisi twaiona pungufu. Neno hilo hilo hutumika kwa afisa wa wanyamapori, na pia kwa fundi anayezuia vitu visiharibike. Lakini huyu tunayemzungumzia huchagua, hupanga na hueleza.

Mfano ni maumbo ya udongo ya jando na unyago aliyoyakusanya Hans Cory na kuyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1956. Miongoni mwa wenyewe wamo Wazigua na Washambaa, wakazi wa Handeni na Korogwe. Kila umbo lilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba fundisho. Udongo ukihifadhiwa bila wimbo, somo limepotea.

Kadhalika tuangalie vibandiko. Kuandika ‘sanamu’ ni kutumia neno la asili ya Kiarabu lililohusu kitu cha kuabudiwa; maumbo haya hayakuabudiwa, yalifundishia. ‘Kinyago’ walau chakumbusha unyago, ijapokuwa siku hizi wengi hufikiria mti uliochongwa.

Unyagoni, kungwi hakuwa mtunzaji tu. Alionyesha umbo na kulifafanua. Hatusemi ofisi ziazime jina lake. Twapendekeza ‘mhifadhi’ abaki kuwa yule fundi, na mwenziwe aitwe ‘msimamizi wa mikusanyo’, mradi fasili itaje wajibu wa kueleza. Istilahi isiyotaja wajibu huo humruhusu mtu kufunga kabati na kudhani kazi imekwisha.