Simuleta za Urubani: Dunia ya Seva na Dunia ya Diski

Anayetaka kurusha ndege mezani kwa kujifurahisha hukutana na simuleta tatu: Microsoft Flight Simulator, X-Plane na FlightGear. Zote zina Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanzia. Zinapoachana ni mahali dunia inapohifadhiwa na jinsi bawa linavyopigiwa hesabu.

Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilitengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Picha zake za ardhi, zinazotoka kwenye ramani za Bing, zinazidi petabaiti 2, kwa hiyo hukaa kwenye seva na kumfikia rubani kipande kwa kipande kadiri anavyoruka. Majengo mengi hupandwa na programu yenyewe kwa kusoma picha hizo na data za OpenStreetMap, ramani inayojazwa na wachangiaji. Ndiyo maana mnara mwembamba wa ghorofa 212 ulichomoza katikati ya nyumba fupi za mtaa mmoja wa Melbourne: mchangiaji mmoja alikuwa ameandika 212 badala ya 2, na programu haikuuliza.

Uzuri huo una gharama. Mtandao ukikatika, ardhi hubaki sahili, na mwenye kununua bando hulipia kila safari hata baada ya kulipia programu. Toleo la 2024 limeegemea seva zaidi.

X-Plane 12, ya Laminar Research ya Marekani, hufuata njia nyingine. Wakati wa kuisakinisha, ramani ya dunia hutokea ikiwa na miraba; mtumiaji huchagua anayoitaka, huipakua mara moja, kisha huruka bila intaneti. Miji yake hujengwa kwa nyumba za mifano ya jumla, hivyo mtu anaweza kupita juu ya mtaa wake asiutambue. Hukubali Windows, macOS na Linux.

Sifa ya X-Plane ni hesabu. Hulikata bawa na rafadha vipande vidogo, hukokotoa nguvu za hewa kwenye kila kipande mara nyingi kwa sekunde, kisha huzijumlisha. Simuleta za Microsoft za zamani zilitegemea zaidi majedwali yaliyoandaliwa mapema. Asobo nayo imegawa ndege katika maeneo mengi, kwa hiyo kuiita simuleta yao mchezo wa watoto ni maneno ya jana. Jaribio zuri ni kupaa: Cessna ikipewa nguvu zote, pua huvuta kushoto na rubani hukanyaga pedali ya kulia. Katika programu ya Microsoft, msaada wa usukani wa mkia ukiwa umewashwa, kazi hiyo hufanyika kimyakimya, na mgeni hudhani ndege huenda moja kwa moja yenyewe. Uzimwe kabla ya kulinganisha.

FlightGear ni ya bure, chini ya leseni ya programu huria ya GPL. Mandhari yake ni duni na menyu zake husumbua, lakini ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayomruhusu mtu kufungua msimbo wote na kuubadilisha.

Ndege za ziada zilizonunuliwa kwa simuleta moja kwa kawaida hazihami kwenda nyingine. Pesa za kwanza zinafaa ziende kwenye jostiki ambayo mpini wake huzungushwa badala ya pedali, kwa kuwa hiyo hutumika kwa zote tatu.