Subira Mbele ya Ndege

Picha za ndege zilizopigwa katika majira ya baridi ya Ulaya husifiwa kwa uvumilivu wa mpigaji: saa nyingi ndani ya theluji, vidole vimekufa ganzi. Sifa hiyo twaikubali nusu. Uvumilivu ni kustahimili taabu. Subira ni kumngoja mwenzio bila kumharakisha (nasi darasani huyachanganya maneno haya). Eric Hosking wa Uingereza alipofushwa jicho la kushoto na bundi mwaka 1937, akarudia kazi yake. Uvumilivu wake hauna shaka. Lakini twampenda zaidi pale alipojificha kibandani, ndege akaendelea na shughuli zake.

Hapa Bujumbura hakuna theluji. Baridi hiyo twaijua kwa mbayuwayu wanaoikimbia, wakaonekana juu ya matete ya delta ya Rusizi. Wanafunzi wetu waliokwenda huko na kamera walipiga makofi ili ndege waruke. Picha ikapendeza kweli: mabawa tele, anga pana. Hata hivyo ilitueleza hofu tu. Nyingine, yenye ukungu kidogo, ilionyesha mbayuwayu watatu wametulia juu ya tete moja. Hiyo ndiyo tuliyoibandika ukutani.