Beki Aliyekabwa na Mshambuliaji

Kwenye soka, shuti likipaa juu ya mwamba beki hushusha pumzi. Kwenye mpira wa Kigaeli, mchezo wa Waayalandi wenyewe, shuti hilohilo likipita kati ya milingoti kwa kawaida ni pointi moja. Likizama wavuni ni tatu. Beki wa huko ana malango mawili ya kulinda, moja juu ya jingine, na kumshika mtu ni marufuku. Anaruhusiwa kugongana bega kwa bega au kuupiga mpira kwa kiganja. Mwenye mpira naye haruhusiwi kupita hatua nne bila kuudundisha chini, au kuudokoa kwa ncha ya kiatu ukarudi mikononi. Riziki ya beki iko hapo, mpira unapoachia vidole.

Lee Keegan, kijana wa Westport aliyeanza kuichezea kaunti ya Mayo mwaka 2011, aliijua riziki hiyo. Alikabidhiwa mshambuliaji hatari, akamganda. Kisha akafanya ujeuri: Mayo wakipata mpira, alipanda mbele kwa kasi, na nyota aliyekuwa akikabwa akalazimika kugeuka beki. Anayemaliza pumzi kwa kurudi nyuma atafunga saa ngapi?

Fainali ya marudiano ya ubingwa wa Ireland, Oktoba 2016, uwanjani Croke Park, ilimkutanisha na Diarmuid Connolly wa Dublin. Keegan alipanda, akafunga bao. Kabla ya mapumziko akamwangusha Connolly, akalambwa kadi nyeusi, na wakati ule kadi hiyo ilimtoa mtu moja kwa moja. Mayo walifungwa kwa pointi moja.

Mwaka uliofuata alifunga tena kwenye fainali, wakalala tena kwa pointi moja. Dean Rock wa Dublin alipokuwa anapiga adhabu ya ushindi katika dakika za nyongeza, Keegan alichomoa kifaa chake cha kupimia mwendo akamrushia. Huo haukuwa ufundi, tuseme ukweli. Mpira ulipita.

Yote hayo bila mshahara, maana wachezaji hao ni wa ridhaa. Keegan alikuwa mchezaji bora wa mwaka 2016, akaingia mara tano kikosi bora cha mwaka, akacheza fainali za miaka sita tofauti na kupoteza zote. Alitundika daluga Januari 2023, Mayo wakiwa hawajatwaa ubingwa wa Ireland tangu 1951.