Mwalimu wa Kiingereza wa Igogo: anavyopatikana, anavyofundisha

Anayetaka kujua kwa nini kidato cha kwanza kimoja huongea Kiingereza na kingine hunyamaza, asianze na kitabu cha sarufi. Aanze na mwalimu: alipitia wapi hadi akashika chaki.

Njia yenyewe inajulikana. Kijana wa Igogo, jijini Mwanza, anayependa lugha huchukua mchepuo wa HKL au HGL (Historia na Kiingereza, pamoja na Kiswahili au Jiografia) kidato cha tano, kisha husomea ualimu. Hana haja ya kwenda mbali: barabara inayotoka mjini ikapita Igogo na Mkuyuni humfikisha Chuo cha Ualimu Butimba, na mbele zaidi Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe. Wapo pia waliopitishwa njia ya mkato. Miaka ya 2000, shule za kata zilipochipuka nchi nzima, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani. Mtaani wakaitwa walimu wa voda fasta, jina lililowaumiza wengi waliofanya kazi kwa moyo.

Ukikaa nyuma ya darasa, njia hizo mbili mara nyingi hukutana ubaoni: notisi, maana za maneno, zoezi, kengele. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza sababu mwaka 1975: kabla mwalimu hajafika chuoni ameshawatazama walimu wake kwa miaka mingi, na aliyoyaona huko ndiyo anayoyarudia. Mtaala wa 2005 ulidai umahiri, mwanafunzi atende. Mwalimu mwenyewe alikuzwa kwa kunakili. Mazoezi ya kufundisha (BTP) ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kuvunja mazoea hayo, na mara nyingi huishia kwenye andalio la somo lililopangwa vizuri kwa ajili ya mkufunzi anayekuja kumtathmini.

Katika muongo uliopita Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan, Taasisi ya Elimu Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walijaribu jambo jingine. Walitunga vitabu vya kidato cha kwanza vya Kiingereza, Hisabati na Baiolojia vyenye matini fupi, picha, misamiati iliyofafanuliwa kwa Kiswahili, na mazoezi yanayomruhusu mwanafunzi kujadili kwa Kiswahili kabla ya kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Thamani iko kwenye mpangilio huo. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi papo hapo humzoesha mtoto kusubiri tafsiri. Katika vitabu hivyo Kiswahili kimepewa mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea.

Kwa mpangilio huo, chukua mfano wa somo la kuanika dagaa. Watoto wanaoteremka kila asubuhi kutoka nyumba za mlimani, kati ya mawe ya Igogo, wanazijua hatua zake. Waelezane wawili wawili kwa Kiswahili, dakika tano. Mwalimu aandike ubaoni maneno machache watakayoyahitaji, wasome matini fupi, kisha awape vianzio: “First, we…”, “After that…”. Kila mmoja amalizie sentensi akimwambia jirani yake, ndipo aandike.

Kwa nini wawili wawili? Kipindi ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 60 likiulizwa mmoja mmoja, hata mwalimu asitamke neno, kila mtoto anapata sekunde 40. Wakiongea wawili wawili kwa dakika 10, kila mmoja anapata dakika 5. Kelele zitakuwepo, na mkuu wa shule anayepita dirishani azivumilie.

Makosa yatatoka mengi. “My mother he sells dagaa” si uzembe. Katika Kiswahili, na katika Kisukuma pia, kiambishi cha nafsi hakitengi mwanamume na mwanamke, tena hubaki kwenye kitenzi hata mtenda akiwa ameshatajwa. Mwalimu anayelijua hili hamkatizi msemaji. Hulinukuu kosa, akalifundisha darasa zima kesho yake. Baadhi ya shule bado humvisha kibao shingoni aliyeteleza akasema Kiswahili. Mtoto huyo hujifunza haraka kwamba anayenyamaza haadhibiwi.

Marekebisho yaanzie vyuoni. Mkufunzi wa mbinu za kufundishia asisomee wanachuo notisi kuhusu majadiliano, bali awajadilishe. Na kwenye fomu ya tathmini ya BTP ningeongeza safu moja: ni wanafunzi wangapi walitoa sentensi yao wenyewe ya Kiingereza kabla kipindi hakijaisha.