Gego la Mwisho Lilipona, la Jirani Likaoza

Machi 2000, taasisi changa ya NICE, iliyoundwa mwaka mmoja tu kabla ili kuishauri huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa wa kutathmini tiba. Haukuhusu saratani wala moyo. Ulihusu magego ya mwisho, yale yanayochomoza mtu akiwa na miaka 17 hadi 25 hivi, na kiini chake kilikuwa kifupi: gego lililokwama tayani lakini halina ugonjwa lisiguswe.

Kabla ya hapo vijana wengi waling'olewa magego ambayo hayajawahi kuwauma, kwa hoja kwamba ipo siku yatawasumbua. Ushahidi wa hoja hiyo ulikuwa mwembamba, ilhali madhara ya upasuaji yalijulikana vizuri. Ndani ya taya ya chini kuna mfereji unaopitisha neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na mara nyingi mizizi ya gego la mwisho hukaribiana nao. Upande wa ndani hupita neva ya ulimi. Zikijeruhiwa, mgonjwa hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na wachache huishi nayo daima. Kumwingiza mzima katika hatari hiyo kwa sababu ya ugonjwa usiokuwepo ni jambo gumu kulitetea, na NICE walikataa kulitetea.

Walitaja yanayohalalisha upasuaji: jino lililooza hata halizibiki, usaha, jino lililovunjika, uvimbe wenye majimaji unaokua kulizunguka jino, au jino linalokula mzizi wa lenzake. Kwa fizi walikuwa waangalifu zaidi. Gego likichomoza nusu, fizi hubaki imelifunika kama kifuniko, na chakula na bakteria hunasa chini yake. Fizi huvimba na kuuma. Mwongozo ulisema uvimbe wa mara ya kwanza, usipokuwa mkali sana, si sababu ya kung'oa. Ukijirudia, ni sababu. Kwangu mimi hiki ndicho kipengele bora cha waraka wote, kwa kuwa kinafuata mwenendo wa jino lenyewe. Mara ya kwanza huenda jino bado linapanda na tatizo litaisha kwa kusafishwa vizuri. Mara ya pili inaonyesha kwamba upenyo chini ya fizi upo, na utaendelea kuwepo. (Taya ikikaza, kumeza kukawa kwa shida au homa ikapanda, hapo hakuna kuhesabu mara; nenda hospitali siku hiyohiyo.)

Kasoro ilijificha kwingine. Mwongozo ulilipima gego la mwisho peke yake, na ugonjwa mara nyingi huanzia kwa jirani. Chukua gego la chini lililoinama kuelekea mbele, nusu nje nusu ndani ya fizi, limeegemea mgongo wa gego la pili. Mahali yanapogusana ni karibu na shingo ya lile la pili, pale ganda gumu la nje linapoishia na mzizi kuanza. Mswaki haufiki. Uozo huingia polepole bila maumivu, na unapoanza kuuma, pengine gego la pili, ambalo lilikuwa linatafuna bila kasoro, haliokoki tena. Kwa kipimo cha mwaka 2000, gego lililoinama bado ni zima. Kwa hiyo liachwe.

Matokeo yalionekana kwenye umri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wastani wa umri wa wanaong'olewa magego hayo Uingereza ulipanda kutoka miaka 25 mwaka 2000 hadi 32 mwaka 2010, na kuoza kukatajwa kama sababu mara nyingi zaidi kuliko awali. Wengi hawakuepuka upasuaji. Waliuahirisha hadi mfupa umekuwa mgumu zaidi na kupona kunachukua muda zaidi.

Je, madaktari warudi kwenye kung'oa kila kitu? La. Wako waliobaki na magego yao hadi leo bila tatizo, na kupona kwao hakuingii kwenye takwimu za hospitali. Nadhani marekebisho sahihi ni yale ya madaktari wa meno wa chuo cha kifalme cha wapasuaji cha England, ambao mwaka 2020 walitaka daktari apime pia uwezekano wa ugonjwa wa baadaye.

Kipimo hicho huanza na picha ya eksirei ya taya nzima. Daktari huangalia gego limeinama vipi, linagusa wapi, na kama mzizi unaonekana mweusi unapopishana na mfereji au ukingo mweupe wa mfereji umekatika. Dalili hizo zikiwepo, huomba picha ya pande tatu, na anaweza kuamua kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi mahali pake, ili neva isiguswe. Ila hofu kwamba gego la mwisho litayasukuma meno ya mbele yapandane haistahili kumfikisha mtu kwenye kiti cha upasuaji. Na gego lililozikwa lote mfupani, lisilo na uvimbe pichani wala upenyo wa kuingiza chakula, hata leo huachwa, likapigwa picha tena baadaye.