Pua Ilitiwa Gundi, Betri Ikaachwa

Upepo umesingiziwa. Waliokuwapo ufukweni Jambiani alasiri ile, na walioiona video ikizunguka kwenye simu baadaye, walisikia maelezo yale yale: kusi lilibadilika ghafla, jeti ya rimoti ikapinduka, ikapiga pua mchangani. Kwa anguko la kwanza mtu angeweza kuyapokea. Lakini jeti ilianguka tena, dakika kumi na mbili baadaye, kwa mtindo ule ule, na mara hii bawa la kushoto likang'oka shinani. Kusi halimwekei mtu kinyongo hivyo.

Kosa limo ndani ya dakika hizo kumi na mbili. Mtu aliamua pua itiwe gundi na ndege irushwe tena, hali hakuna aliyejua kwa nini iliangukia pua hiyo. Rubani hatajwi hapa, wala fundi wake; ni vijana wa watu, na aibu waliyoipata mbele ya kadamnasi inatosha. Uamuzi wao ndio unaolazwa mezani.

Video irudishwe mwanzo. Jeti ni ya povu gumu aina ya EPO, feni ya milimita 64 ndani ya mfereji, betri ya seli 4, haina magurudumu, inarushwa kwa mkono. Mrushaji anapiga hatua tatu dhidi ya upepo, anaiachia usawa, ndege inashika anga. Kazi safi. Inapanda, inafika kona ya kwanza, rubani anaivuta kidogo, na hapo ndipo sikio linapotakiwa. Sauti ya feni inashuka. Haikatiki, haikwaruzi, inashuka taratibu kama mwimbaji wa taarabu aliyeishiwa na pumzi kabla ya kibwagizo. Sekunde mbili baadaye ndipo pua inainuka, mwendo unakwisha, bawa moja linazama. Sauti ilitangulia, kupinduka kukafuata. Anayelaumu upepo aeleze kwanza upepo uliwezaje kuingia ndani ya mfereji na kuinyima feni umeme.

Feni ikishusha sauti bila rubani kuipunguza, mtu wa kwanza kuhojiwa ni betri. Fundi naye alilijua hilo, kwa kuwa kwenye video anaonekana akichomeka kile kipimo kidogo chenye kengele kwenye plagi nyeupe ya mizani. Kikasoma namba nzuri. Akaitikia kwa kichwa, akakichomoa, akaenda kutafuta gundi. Kitendo hicho cha sekunde tano ndicho kilichoigharimu ndege bawa.

Betri ya lithiamu iliyochoka ni mwongo mzuri inapopumzika. Seli iliyojaa ina volti 4.2, seli nne zinaleta 16.8, na betri kuukuu inaweza kuonyesha karibu namba hiyo hiyo ikiwa juu ya meza. Shida yake ni upinzani wa ndani, unaopanda kila betri inapozeeka, inapoachwa kwenye gari juani, au inapowekwa imejaa wiki nzima badala ya kushushwa hadi volti 3.8 kwa seli. Feni ya aina ile ikifunguliwa hadi mwisho inadai ampea 40 na zaidi. Mzigo huo ukiingia, volti za betri yenye upinzani mkubwa zinaporomoka, na kidhibiti kasi, ambacho kimepangwa kuzilinda seli zisishuke karibu na volti 3, kinabana nguvu. Feni ikipoa, volti zinarudi juu, na kipimo chenye kengele kinatoa cheti cha afya. Ni sawa na kumpima hamali wa bandari ya Malindi pumzi akiwa amelala.

Kipimo chenye maana kilikuwa hatua mbili kutoka pale. Ndege inashikwa chini na mtu mwenye mikono ya nguvu, mita ya wati inaingizwa kati ya betri na kidhibiti, feni inafunguliwa hadi mwisho kwa sekunde kumi, macho yakiwa kwenye volti. Zikiporomoka, ndege inarudi mkobani na watu wanakunywa madafu. Mita ya wati ilikuwamo kwenye kisanduku chao. Inaonekana kwenye video, sekunde ya thelathini na kitu, chini ya bisibisi.

Kisha ikaja supaglu. Wasomaji wa zamani wanajua safu hii ina ugomvi wa siku nyingi na kichupa kile, na ugomvi haujaisha. Supaglu ya kawaida inalila povu jeupe la EPS, lile la masanduku ya friji yanayotupwa nyuma ya maduka ya Darajani. Tone moja na shimo linafunguka mbele ya macho. Kwenye EPO inashika, ni kweli, lakini inakauka ngumu kama kigae huku povu pembeni yake likibaki laini, na pigo linalofuata linapasua palepale pembeni. Gundi ya kuvutika, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa kidogo kabla ya kubanwa, ingeshika vizuri zaidi. Inataka subira ambayo haikuwapo.

Haki itendeke: pua iliyobonyea waliirudisha kwa maji ya moto ya chupa ya chai mpaka punje za povu zikafura tena, na ndani wakapitisha vijiti viwili vya mishikaki kuwa mifupa. Hilo walilifanya kama mafundi.

Lakini gundi ilimwagika, ikaziba mbele ya kitanda cha betri. Betri haikuingia tena hadi mwisho. Ikasogezwa nyuma, pengine kwa upana wa vidole viwili, mkanda ukafungwa, kifuniko kikarudishwa. Hakuna aliyeinyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, pale penye alama, kuona inainama upande gani. Betri ndiyo kitu kizito kuliko vyote ndani ya ndege kama ile. Ukiisogeza nyuma, umesogeza kitovu cha uzito, na ndege yenye mkia mzito haina msamaha: pua inapanda yenyewe, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kutaka kupanda.

Zaidi ya hapo, jeti ya feni haina fadhila za ndege ya panga. Ndege yenye propela mbele inauvumishia mkia wake upepo hata ikiwa imesimama, kwa hiyo eleveta inafanya kazi tangu mkono unapoachia. Upepo wa feni ya ndani unatokea nyuma kupitia bomba, haugusi eleveta wala eleroni. Mpaka ndege ipate mwendo wa kutosha, rubani ana rimoti mkononi na hana amri. Sasa jumlisha: betri ile ile isiyoweza kubeba mzigo, uzito umekwenda nyuma, na mrushaji amechoka kidogo kuliko mara ya kwanza. Ilipanda mita nne au tano, sauti ikashuka tena, pua ikatazama mbinguni. Bawa la kushoto lilitangulia chini.

Wasomaji wameshachoshwa na habari za Comet, ila wavumilie mara moja nyingine. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, yenye usajili G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, safari ya kwanza duniani ya ratiba kubeba abiria wa kulipa kwa jeti. Afrika Mashariki iliipokea kwa macho yake. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, ikaua watu 35. Comet zikasimamishwa. Chanzo hakikujulikana, kwa hiyo yakafanywa marekebisho mengi kila palipodhaniwa, na tarehe 23 Machi zikarudishwa kazini. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine, G-ALYY, ikaingia baharini karibu na Naples na watu 21.

Hapo ndipo watafiti wa ndege wa Farnborough, Uingereza, chini ya Arnold Hall walipofanya kilichopaswa kufanywa mwanzo. Vipande vya G-ALYP vilivyokuwa vikivuliwa na jeshi la majini vilipangwa upya kimoja kimoja kwenye kiunzi. Kibanda cha Comet nyingine kikazamishwa ndani ya tangi kubwa, kikajazwa maji na kupewa shinikizo, kikashushwa, kikapandishwa tena, kuiga safari juu ya safari. Mwezi Juni ngozi yake ikapasuka kuanzia kwenye pembe ya tundu. Uchovu wa metali. Yale marekebisho ya Machi hayakuugusa.

Jambiani hakufa mtu, alhamdulillahi, na povu si roho. Mantiki ndiyo pacha: kutengeneza kinachoonekana kimevunjika, kisha kurusha. Na mtu asiseme hakuna aliyeweza kuumia. Maji yalikuwa yamekupwa, akina mama walikuwa kwenye mashamba yao ya mwani upande wa kusini, na jeti ya feni isiyo na amri haichagui pa kuangukia.

Wengine wamesema huo ni mchezo tu, nidhamu ya Farnborough iachiwe Farnborough. Basi waachane na Uingereza, watazame nyumbani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Benki ya Dunia, ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege za povu. Ndiyo, povu. Zilikuwa eBee za kampuni ya Uswisi ya senseFly: mwili wa EPP, mabawa ya sentimita 96 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa gramu 700 hivi, propela nyuma iliyoshikwa kwa mpira ili ikigonga ilegee badala ya kuvunjika. Zinarushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo, kama jeti yetu. Safu hii ilinung'unika wakati ule kuhusu bei yake na programu yake iliyofungwa kwa ufunguo wa mtengenezaji, na bado inanung'unika. SenseFly yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya Marekani mwaka 2021, na anayetegemea vipuri vya mtu mmoja hukaa roho juu.

Ila kwa nidhamu, vijana wa SUZA waliozirusha wanabaki kipimo. eBee haikubali kurushwa kwa hasira. Inajikagua yenyewe kwanza, vihisi, sevo na betri, na mota haiwaki mpaka mrushaji aitikise mara tatu. Ikikataa, imekataa, na aliyeishika hawezi kubishana nayo. Jeti ya kununua dukani haina mlinzi huyo ndani yake, hivyo mlinzi lazima awe mtu. Mafundi mashua wa Nungwi wamekuwa walinzi wa namna hiyo bila kompyuta: hakuna anayeshika pamba ya kalafati kabla ya kuugonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza upi umeoza.

Kuhusu mabaki, kazi si ngumu. Bawa linarudi kwa gundi ya kuvutika na ufito wa kaboni uliopita shina lote, usiishie penye mpasuko. Feni ifunguliwe, maana mchanga wa matumbawe ulioingia mferejini ni msasa. Kwenye feni inayozunguka zaidi ya mara 40,000 kwa dakika, punje chache zinamaliza beringi, na ncha moja ya pangaboi iliyomeguka inaleta mtetemo utakaolegeza kila kiungo. Kidhibiti kasi kioshwe chumvi kwa maji baridi na kukaushwa kabisa kabla ya kuwashwa, kwa kuwa ndicho pia kinachoilisha risiva na sevo volti 5, na kikizimia juu, vyote vinazimia. Kisha vidole chini ya mabawa. Kisha mita.

Betri haitengenezwi. Imechoka, na sasa imepigwa mara mbili, na video inaionyesha ikirudi mkobani ikiwa na kona iliyobonyea. Mwenye mkoba huo anakaa Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya dari ya boriti za mikoko iliyokauka kwa miaka mingi. Betri iliyobonyea inaweza kushika moto; asiichaji tena. Aitoe nje leo, aiweke ndani ya ndoo ya mchanga mkavu mbali na ngazi, na ikianza kufura asiishike kwa mkono.